Flashi ya Pete na Mdudu wa Shambani: Tuliyoyaona Kawajense



Mara nyingi Bwana Shamba au Bibi Shamba huletewa khabari ya maradhi ya mkarafuu kwa maneno matupu. Mmoja husema, "Majani yana madoa." Mwingine husema, "Kuna vidudu vyeupe kwenye vijiti." Wa tatu husema, "Mti unakauka upande mmoja." Maneno haya yote ni ya kweli, lakini hayamtoshi mtu anayetakiwa kutaja dawa, kwani madoa yako ya namna nyingi na vidudu vyeupe si vya aina moja.

Siku hizi wengi wetu tuna simu zenye kamera, na badala ya maneno twapeleka picha. Hilo ni jambo jema. Lakini picha nyingi zinazopelekwa hazimsaidii mtu. Mdudu huonekana kama doa jeusi lililozama katika kivuli, au jani hung'aa kama kioo cha dirisha hata hapana kinachosomeka juu yake. Basi anayeulizwa hubahatisha, na anayejibiwa naye hupiga dawa ya kubahatisha. Fedha zimekwenda, mdudu bado yuko, na pengine nyuki waliokuwa wakizunguka shambani wamekufa.

Kwa hiyo tumeona yafaa tuwaeleze wanachama khabari ya chombo kimoja kidogo ambacho kazi yake ni kuondoa kivuli hicho. Chombo chenyewe ni flashi ya pete. Tulikiona kikifanya kazi mbali na visiwa vyetu, katika kata ya Kawajense, Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi. Na somo tulilolipata huko latufaa sisi wenye mikarafuu.

KAWAJENSE NA SHIDA YAKE

Asiyepajua Mpanda na afahamu kwamba ni mji wa mwisho wa tawi la reli. Treni ya Reli ya Kati ikifika Kaliua, magharibi ya Tabora, njia moja huendelea Kigoma na nyingine hukata kushuka Mpanda, mwendo wa kilomita 210 hivi katika misitu ya miombo. Njia hiyo ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya machimbo ya risasi ya huko. Mkoa wa Katavi wenyewe ni mchanga. Ulikatwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012. Huko mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba mpaka karibu na Aprili, nao watu hulima mahindi na kufuga nyuki. Asali ya miombo ina sifa, na mizinga ya magome bado hutundikwa mitini kama zamani.

Basi mahindi na nyuki ni majirani, na hapo ndipo penye shida. Mwaka 2016 mdudu mgeni kutoka Marekani aliingia Afrika Magharibi, na mwaka 2017 akatangazwa kuwa yuko Tanzania. Jina lake ni kiwavijeshi vamizi. Huingia ndani ya moyo wa mhindi, akala majani machanga, na kuacha kinyesi kama unga wa mbao. Lakini Tanzania ilikuwa tangu zamani na kiwavijeshi wake wa asili, yule ajaye kwa makundi na kutembea kama askari, akala nyasi na nafaka mpaka shamba likabaki mashina. Wakiwa wadogo, viwavi hawa wawili hufanana sana, lakini hawatibiwi kwa namna moja.

Wa asili akija kwa wingi hukaa wazi juu ya majani, na kazi ni ya haraka na ya shamba zima. Yule vamizi hujificha moyoni mwa mhindi. Dawa iliyorushwa juu juu haimfikii. Yataka ilengwe moyoni, naye awe bado mdogo, kwani akishakua huwa amezibwa na kinyesi chake mwenyewe. Wakiwa wachache, mkulima mdogo aweza kupita mhindi kwa mhindi, akawaponda kwa vidole au akatia mchanga au majivu moyoni. Kwa hiyo mtu akikosa kumjua kiwavi wake, ama atamwaga dawa bure na kuua nyuki wa jirani, ama atangoja siku ambazo hakupaswa kungoja.

Alama za kuwatambua zipo. Kiwavijeshi vamizi ana mstari mweupeupe usoni, mfano wa herufi Y iliyopinduliwa. Lakini alama ya usoni peke yake haitoshi, maana hata wa asili ana mistari kichwani iwezayo kumpoteza mtu. Alama ya kutegemewa zaidi iko karibu na mkia: katika pingili ya pili kutoka mwisho kuna vidoa vinne vyeusi vilivyokaa mraba kamili. Kiwavi mwenyewe akikomaa hupata urefu wa sentimita 3 hadi 4, lakini wakati wa kumwahi ni pale anapokuwa na sentimita 1 na kidogo. Sasa msomaji afikiri: vidoa vinne juu ya pingili ya mdudu wa urefu huo vina ukubwa gani?

KWA NINI KAMERA YA KAWAIDA HUSHINDWA

Mtu akitaka kupiga picha ya kitu kidogo hukisogelea. Akisogea karibu sana, mambo matatu humgeukia.

La kwanza ni kivuli. Kamera ikiwa sentimita 15 kutoka kwa mdudu, lenzi yenyewe humzuia mdudu asipate nuru. Flashi iliyo juu ya kamera haisaidii, kwa kuwa imetengenezwa kuangaza mtu aliyesimama mita 2 au 3 mbele. Nuru yake hupita juu ya mdudu, na pua ya lenzi humtupia kivuli.

La pili ni wembamba wa sehemu iliyo wazi. Tuseme kamera ni ya fremu ya milimita 24 kwa 36, na mdudu amepigwa kwa kipimo cha 1:1, yaani sura yake ndani ya kamera ni sawa na umbo lake halisi. Hapo, tundu la lenzi likiwa f/2.8, sehemu itakayoonekana kwa ukali ni unene wa theluthi moja tu ya milimita. Jicho likiwa wazi, mguu umefifia. Tundu likifinywa mpaka f/16, unene huo hupanda na kuwa karibu milimita 2. Ndiyo maana wapiga picha za wadudu hupenda tundu dogo, ingawa likizidi kufinywa picha nzima huanza kulainika.

La tatu ni njaa ya nuru. Tundu dogo huingiza nuru kidogo. Tena lenzi ikisogezwa mpaka kipimo cha 1:1, nuru inayofika ndani hupungua ikawa robo. F/16 hufanya kazi kama f/32. Ukifidia kwa kuacha kamera wazi muda mrefu, upepo hutikisa jani na mkono hutetemeka, na picha huharibika.

Flashi ya pete hujibu yote matatu kwa pamoja. Taa yake imekunjwa duara na kufungwa mbele ya lenzi, lenzi ikichungulia katikati kama kidole ndani ya pete. Nuru hutoka pande zote, basi kivuli cha upande huu hufutwa na nuru ya upande ule. Kwa kuwa taa iko karibu sana na mdudu, nuru huwa kali hata kwa mashine ndogo. Maana nuru ya taa, umbali ukipungua kwa nusu, huongezeka mara nne. Tena mweko wenyewe ni mfupi, sehemu ya elfu ya sekunde au chini yake, kwa hiyo jani linalotikisika huonekana limesimama.

Chombo hiki hakikubuniwa kwa ajili ya wadudu. Mwaka 1952 Lester A. Dine wa Marekani alikitengeneza kwa ajili ya madaktari wa meno. Msomaji ataona mara moja sababu yake: kinywa ni shimo lenye giza, na taa ya upande mmoja huangaza shavu moja na kuacha magego gizani. Kutoka kwa meno kilikwenda kwa madaktari wengine na kwa wachunguzi wa mimea na wadudu.

YALIYOTOKEA SHAMBANI

Huko Kawajense tulikutana na kijana apataye riziki kwa kupiga picha za arusi. Ana kamera moja, lenzi moja ya vitu vidogo, na flashi ya pete aliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Siku ambazo hakuna arusi, wakulima wa jirani humwita.

Shamba tulilopelekwa lilikuwa la mama mmoja mjane, mahindi yakiwa yamefika magotini. Majani yalikuwa na matundu. Ndugu wa marehemu mumewe walitaka pampu iletwe asubuhi ile ile na shamba zima lipigwe. Mzee mmoja wa jirani, mwenye mizinga ukingoni mwa msitu, alikuwa amesimama kando bila kusema neno. Baadaye alituambia kwamba msimu mmoja uliopita alikuta nyuki wake wamelala chini ya mizinga kama makapi, siku ya pili baada ya mashamba kupigwa dawa. Hakutaka kumkataza mjane kuokoa chakula cha watoto, wala hakutaka kupoteza mizinga tena.

Kijana alimtoa kiwavi mmoja moyoni mwa mhindi akamweka juu ya jani. Kwanza alipiga kwa flashi ya juu ya kamera, ili sisi tuone tofauti. Kichwa kilionekana, mkia ulikuwa gizani. Kisha akafunga pete. Akamgeuza kiwavi mpaka mgongo wake ukalingana na uso wa lenzi, kwa sababu ya ule wembamba tuliousema. Akapiga mara tano au sita, kila mara akisogea mbele kidogo. Alipoikuza picha nyuma ya kamera, wote tukainama. Vidoa vinne vilikuwa pale, vimekaa mraba.

Yule mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Sasa ni wangapi?" Hilo lilikuwa ndilo swali lenyewe. Watu walipita mistari, wakahesabu, wakaona kwamba mihindi mingi ilikuwa mizima na iliyoingiwa ilikuwa michache, tena mingi upande mmoja. Picha ilipelekwa kwa simu kwa afisa ugani, naye akathibitisha. Pampu haikuletwa siku ile. Watoto wa shule na shangazi zao walipita mhindi kwa mhindi wakiponda viwavi, na ilikubaliwa kwamba wakizidi, dawa itatiwa moyoni mwa mihindi iliyoingiwa tu, jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani. Mzee wa mizinga aliondoka akitembea polepole, akiwa ametushika mikono mmoja mmoja.

Hatusemi kwamba picha iliponya shamba. Kazi ya mikono ndiyo iliyofanya hivyo, na msimu ulikuwa haujakwisha. Twasema tu kwamba picha ilizuia uamuzi wa papara, ikawapa watu wenye hofu kitu kimoja cha kukitazama pamoja.

ILA ZA FLASHI YA PETE

Haifai kusifu chombo bila kutaja ila zake. Kwa kuwa huondoa kivuli, flashi ya pete huondoa pia ule mwinuko unaotuonyesha kitu ni cha mviringo au bapa. Gamba lenye vijinundu laweza kuonekana laini. Dawa yake ni kufunika nusu ya pete kwa karatasi nyeupe, ili upande mmoja uzidi nguvu kidogo. Mashine nyingine zina swichi ya kufanya hivyo.

Ila ya pili ni duara jeupe. Mdudu mwenye gamba linalong'aa, au jani lenye nta kama la mkarafuu, hurudisha sura ya pete yenyewe, na duara hilo laweza kuketi juu ya alama inayotafutwa. Geuza jani kidogo, au tandaza karatasi nyembamba mbele ya pete ili kulainisha nuru.

Ila ya tatu ni kwamba kilicho nyuma ya mdudu huwa cheusi, kwa sababu nuru hufifia upesi kwa umbali. Asiyejua aweza kudhani picha ilipigwa usiku. Weka jani au karatasi nyuma karibu.

Tena tusichanganye flashi hii na zile taa za duara zinazowekwa mbele ya simu na vijana wanaojipiga picha. Hizo huwaka mfululizo, na nuru yake ni dhaifu mno kuliko mweko wa flashi. Kwa mdudu aliyetulia zaweza kufaa; kwa jani linalopepea hazitoshi.

FAIDA YAKE KATIKA MIKARAFUU

Mkarafuu nao una wageni wadogo. Mchwa huharibu miche. Watu wengi huwachanganya mchwa na chungu, na hapo picha ya karibu hukata shauri: mchwa ana kiuno kinene na papasi zilizonyooka kama shanga, chungu ana kiuno chembamba na papasi zilizopinda kama kiwiko.

Kuna pia wadudu wa magamba, wale vijinundu visivyotembea, vilivyobandika kwenye vijiti na majani. Hufyonza maji ya mti na kutoa utamu unaoota masizi meusi. Na palipo na utamu huo, maji moto hawako mbali. Wachumaji wetu wawajua vizuri kwa kuumwa. Mtaalamu wa wadudu M. J. Way alichunguza hapa kwetu uhusiano wa maji moto na wadudu hawa, na uchunguzi wake ukachapishwa mwaka 1954: chungu hula utamu, na wadudu wa magamba hupata usafi na ulinzi. Lakini maji moto hao hao, wakiwa juu ya mnazi, humfukuza mdudu anayetoboa nazi changa; mdudu ambaye wataalamu walimpa jina la Way mwenyewe. Kwa hiyo mwenye shamba la mikarafuu na minazi asikimbilie kuwaua maji moto kabla hajajua ni nani anayefanya uharibifu. Na kujua huko huanza kwa kuona.

Lakini picha ya mdudu haitoshi kwa kila maradhi. Mkarafuu unaokauka ghafula huwa umeshambuliwa mizizini, na hapo hakuna flashi itakayoona. Yataka mtu aje achimbe.

KUKITUNZA NA KUKIKOSA

Visiwani kwetu adui wa kamera ni unyevu. Ukungu huota ndani ya vioo vya lenzi kama unavyoota kwenye karafuu zilizoanikwa vibaya. Hifadhi chombo katika kisanduku kinachofunga vizuri, pamoja na vipakiti vile vya chembe za kukausha unyevu vinavyokuja na viatu na redio. Toa betri usipotumia. Usikifungue flashi hata kama kimezimwa. Ndani mna kihifadhi umeme chenye volti 300 hivi, chaweza kumpiga mtu kwa nguvu. Na osha mikono baada ya kuchambua karafuu kabla ya kushika kamera, maana mafuta ya karafuu hulainisha baadhi ya plastiki.

Si lazima kila mwanachama anunue. Flashi moja kwa tawi, ikiwa mikononi mwa mtu mmoja mwangalifu, yatosha. Na asiye nayo asikate tamaa. Chukua kadi nyeupe ya ukubwa wa sahani, kata tundu katikati, na chungulisha lenzi ya simu hapo. Simama ili jua lije kutoka nyuma ya jani na kuipiga kadi. Kadi itarudisha nuru laini pande zote za mdudu, kama pete ya mtu maskini.

NAMNA YA KUPELEKA PICHA

Picha ziwe tatu: mti mzima; tawi lenye dalili; na mdudu au doa lenyewe kwa karibu. Katika ile ya tatu weka rula kando, maana bila kipimo sisimizi na mende huonekana sawa. Mpige mdudu ubavuni na mgongoni. Andika jina la shehia, tarehe, umri wa mti, na kama umekwisha kupiga dawa yoyote, sema ni ipi na lini. Kisha mpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kwenu, ambaye akihitaji atawauliza watafiti wa kilimo wa Kizimbani.

Na jibu lisipofika, usitie dawa kwa hasira. Uliza mara ya pili. Kuuliza si ujinga, na dawa ikishanyunyizwa hairudi katika chupa.